Mtoto wa yule aliyeandika maneno ya Sanamu ya Askari

Watu tunapita pale Posta, Dar, kila siku, tunapiga picha na Askari tunaendelea na mishe zetu. Maneno yaliyoandikwa pale chini yalitungwa na mzee mmoja aliyefiwa na mtoto wake wa kiume wa pekee kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, vita hiyo hiyo inayokumbukwa na sanamu, na mimi toka nimejua hilo siwezi kuyasoma kama zamani.

Mzee mwenyewe ni Rudyard Kipling, mwandishi wa Uingereza, enzi hizo jina lake kubwa kwelikweli. Mwanae aliitwa John, kazaliwa Agosti 1897. Dada yao mkubwa Josephine alifariki 1899 kwa nimonia akiwa na miaka 6 tu, wakabaki Elsie na John. Vita ilipoanza 1914 baba alikuwa anahamasisha vijana waende, na dogo naye anataka kwenda, ila macho yake mabovu sana, bila miwani haoni mbali, jeshi likamkataa. Baba akaenda kuongea na rafiki yake Lord Roberts, jenerali mkubwa, nafasi ikapatikana Irish Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza. Hapo ndo huwa naumia.

Agosti 1915 akapelekwa Ufaransa, mwezi huo huo aliotimiza miaka 18. Kutoka huko akawaandikia nyumbani wamtumie kile kibati cha aluminiamu cha kuvaa shingoni chenye jina la askari, maana chake kimepotea, na kwenye barua akawachorea kabisa kinavyotakiwa kuwa. Tarehe 27 Septemba, kwenye mapigano ya Loos, huko huko Ufaransa, luteni usu John hakuonekana tena.

Baba na mama yake, Carrie, wakazunguka hospitali kuwauliza majeruhi wa kikosi chake nani kamwona mara ya mwisho, mpaka ndege zikaenda kumwaga vipeperushi vya kumuulizia upande wa Wajerumani. Wapi. Baba akafa 1936, mama 1939, hawajui alipolala. Mwaka 1992 ndo tume ya makaburi ya vita ikaweka jina lake kwenye kaburi la luteni mmoja aliyekuwa hajulikani, na hata hapo kuna wanahistoria waliobisha. Elsie hakupata mtoto, kwa hiyo uzao wa yule mzee ukaishia hapo.

Sasa huyu ndo aliyeandika, kwa Dar na Nairobi pia, kwamba ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Namwelewa uchungu wake kabisa. Lakini wapagazi wetu wa Kariakoo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza), waliobeba mizigo ya jeshi mpaka wakafa njiani kwa njaa na kuhara, mama zao walimuuliza nani? Tume hiyo hiyo ilikiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba wengi wa Afrika Mashariki hawakukumbukwa kwa majina yao. Kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa upagazi akapotelea huko, waulizeni wazee jina lake na kijiji chake sasa hivi wakiwa bado hai, mliandike.