Niliangalia The Descendants na mama yangu

Mama yuko kwangu tangu mwanzo wa mwezi kwa ajili ya kliniki ya presha, na Jumamosi usiku tulikuwa tumekaa sebuleni baada ya kula nikamuuliza tuangalie muvi, akasema weka ila isiwe ya kuuana. Nikaweka The Descendants. Haikutokea tu. Nilishaiangalia mara tatu peke yangu na kila nikimaliza nilikuwa najiambia ipo siku nitaiangalia na yeye, halafu naahirisha, maana najua ndani yake kuna nini na najua nyumbani kwetu kulitokea nini.

Kwa ambao hamjaiona, ni ya 2011, dairekta ni Alexander Payne, imetoka kwenye riwaya ya Kaui Hart Hemmings ambaye ni mtu wa Hawaii kabisa (na anaonekana kidogo ndani ya muvi, ndiye sekretari wa ofisini). George Clooney ni Matt King, mwanasheria wa Honolulu. Mke wake Elizabeth alikuwa kwenye boti ya mashindano akarushwa akagonga kichwa, sasa yuko hospitali, koma. Huyu Elizabeth unamuona mzima sekunde chache tu pale mwanzo, yuko baharini, upepo kwenye nywele, anacheka, basi. Baada ya hapo mpaka mwisho ni mtu wa kitandani mdomo wazi, hasemi hata neno. Na Matt anajiapia moyoni kwamba mke wake akiamka tu atabadilika, atakuwa mume wa kweli na baba wa kweli, maana miaka yote alikuwa mtu wa mafaili na watoto alimwachia mwenzake. Daktari anamwita anamwambia haamki. Na Elizabeth mwenyewe alishaandika akiwa na akili zake timamu kwamba ikifika hapo mashine zizimwe.

Mama akauliza, kwa hiyo wanamwacha afe? Nikamweleza habari ya ile karatasi aliyoandika. Akasema mh. Akavuta khanga vizuri miguuni akaendelea kuangalia.

Binti mkubwa anaitwa Alex, ana miaka 17, anasoma bweni kisiwa kingine, baba na mdogo wake Scottie wanamfuata wanamkuta amelewa. Wanarudi naye nyumbani na siku inayofuata yuko kwenye bwawa la kuogelea, maji machafu yamejaa majani, na baba anasimama pembeni anamwambia mama yako hatapona. Alex hasemi kitu, anazama. Kamera inazama naye. Analia huko huko chini ya maji, uso wote umekunjamana, mdomo umefunguka na sauti hakuna. Hiki kipande sijui nimekiangalia mara ngapi, yaani Shailene Woodley alikuwa binti mdogo tu na kile kilio nakijua, ni kilio cha mtu ambaye ana hasira na mtu anayekufa, kwa hiyo hajui alie kwa lipi.

Maana yeye ndiye anayejua. Ndiye anayemwambia baba yake kwamba mama alikuwa na mwanaume mwingine na yeye aliwaona kwa macho yake. Matt anavaa viatu anatoka mbio, anakimbia barabarani mtelemko mzima kwa miguu, anakimbia vibaya kama mtu ambaye ana miaka hajakimbia, mpaka kwa marafiki zao mke na mume. Anawauliza. Na walikuwa wanajua. Hilo la walikuwa wanajua ndilo linauma kuliko yote, kwamba umekaa mezani na watu, mmekula, mmecheka, na wote mezani wanajua jambo la nyumba yako isipokuwa wewe.

Sasa niseme la kwetu, maana bila hilo nitakuwa nimeandika nusu.

Baba alifariki 2013, Tanga. Alfajiri, alianguka bafuni, tulivyofika hospitali ilikuwa imeshaisha. Tulikuwa watoto wanne, mimi wa tatu. Siku ya pili ya msiba akaja mwanamke mmoja hatumjui na mtoto wa kiume wa kama miaka tisa amevaa shati la shule, na huyo mtoto alikuwa na paji la uso la baba, lile lile, hata namna ya kusimama ameegemea mguu mmoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akina mama kwenye mikeka walinyamaza wote kwa pamoja, hata aliyekuwa anaimbisha pambio akakata. Shangazi akainuka na nikajua anakwenda kumtoa. Mama akasema, "Wifi, kaa." Halafu yeye mwenyewe akasogea kidogo kwenye mkeka wake, nafasi ya mtu mmoja na mtoto.

Nilimchukia siku ile. Nasema ukweli. Nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia baba.

Usiku kaka akaleta wasifu wa marehemu, ameuchapisha steshenari, karatasi mbili, alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, na pale chini ameacha mjane na watoto wanne, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mama akaomba kalamu. Tulikuwa jikoni, taa ya chemli maana umeme ulikuwa umekatika, akaweka karatasi juu ya mfuniko wa sufuria akakata neno wanne, akaandika juu yake watano. Akaandika polepole, herufi kubwa kubwa, ili baba mdogo asije kusoma vibaya. Kesho yake baba mdogo akasoma watano mbele ya kanisa zima.

Miaka nilibeba hasira kwamba alituaibisha. Kwamba aibu ya baba ingeweza kuzikwa na baba na yeye ndiye aliyeitoa ikasomwa kwa maiki. Na ndiyo maana nilipokutana na hii muvi mara ya kwanza, nikafika kwenye kile kipande cha baba mkwe, nilisema moyoni haya, hivi ndivyo ilitakiwa iwe.

Kipande chenyewe ni hiki. Baba yake Elizabeth ni mzee mkali, Robert Forster kacheza, mke wake ana ugonjwa wa kusahau, na binti yake ndiyo huyo anakufa. Kila akikutana na Matt anamsema. Hukumpa mwanangu boti yake mwenyewe, una hela za ukoo umezikalia, mwanangu alikuwa mke mwema mwaminifu, alistahili zaidi ya wewe. Mwaminifu! Na Matt anajua kila kitu, ana jina la mwanaume, ana picha yake, neno moja tu na mzee ananyamaza. Alex yupo, anamtetea baba yake, na unamuona Matt anameza. Anamjibu mzee kwamba ni kweli, alistahili zaidi. Basi. Anamwachia mzee binti yake alivyo.

Kwa Kiswahili tunajua hiyo inaitwaje, inaitwa kumsitiri mtu. Hakumsamehe bado pale, ukiangalia macho ya Clooney utaona bado kabisa, ila amemsitiri, na mimi naamini kusitiri kulitangulia, msamaha ukafuata nyuma polepole. Nashangaa tuzo ya muigizaji bora mwaka ule ikaenda kwa Jean Dujardin wa Ufaransa. Muvi ilipata Oscar ya skripti, ilistahili, lakini kile kipande hakikuandikwa tu, kuna mtu alikimeza.

Kuna habari ya ardhi pia, eka 25,000 kisiwa cha Kauai, urithi wa ukoo tangu kwa bibi aliyekuwa binti wa kifalme wa Hawaii, na binamu kibao wanataka iuzwe wagawane na sahihi iko kwa Matt. Anayejua kesi za mashamba ya ukoo atajiona humo. Huyo mwanaume wa Elizabeth, Brian, ni dalali wa nyumba na viwanja na biashara ikipita kwa mnunuzi fulani na yeye anapata fungu nono. Matt anamfuata mpaka Kauai, anamkuta na mke na watoto, mke anaitwa Julie, mchangamfu hajui lolote. Anamvuta Brian pembeni, anachotaka ni kumwambia tu kwamba Elizabeth anakufa, kama unataka kumuaga nenda. Ndio anagundua kwamba Elizabeth alimpenda huyu mtu na alikuwa tayari kuvunja ndoa, lakini Brian hakumpenda. Hapo hata mama alisema, masikini. Nikamuuliza nani masikini, akasema yule wa kitandani.

Brian hakwenda hospitali. Aliyekwenda ni Julie, na maua mkononi. Ameshaambiwa. Anasimama mbele ya mwanamke asiyesikia anamwambia nimekusamehe, anaanza vizuri kabisa, sauti ya mtu aliyejiandaa njiani, na kadiri anavyosema nimekusamehe ndivyo sauti inavyopanda na machozi yanakuja na hasira inatoka ndani ya neno lile lile la msamaha mpaka Matt inabidi amzuie. Watu wengi naona wanaikumbuka hii muvi kwa Clooney, mimi Judy Greer kwa zile dakika mbili nampa heshima zote. Msamaha tunaohubiriwa huwa umeshapoa. Wa Julie bado unaunguza na amekuja nao hivyo hivyo, hakungoja upoe.

Mama aliinuka katikati ya kile kipande. Akasema anakwenda kuangalia maharage. Maharage niliyaepua tangu saa moja. Nilisimamisha muvi nikasikia bomba linafunguliwa, maji yakamwagika muda mrefu sana kwenye sinki halafu kimya, halafu tena maji. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akakaa. Akasema endelea.

Sikuendelea. Nilimuuliza, miaka yote hii ndio mara ya kwanza, nikamwambia mama, kwa nini hukumsitiri baba kama huyu anavyomsitiri mkewe. Kwa nini ulibadilisha ile karatasi.

Alichukua muda. Akasema, "Babako nilimsitiri miaka tisa akiwa hai."

Kumbe alijua tangu mtoto anazaliwa. Anasema aliambiwa na mtu wa sokoni, akarudi nyumbani akapika, akatenga, na hakumwambia baba kitu mpaka baba anaingia kaburini. Miaka tisa. Halafu akasema, "Sasa yule mtoto angekaa pale anasikia wanne, wanne, na babake yuko mbele ndani ya sanduku. Hapana mwanangu. Yule mtoto hakunikosea."

Nikamuuliza na baba je. Akasema na baba bado wanaongea. Hivyo hivyo, kwa wakati uliopo. Kuna siku anamsamehe asubuhi na jioni anakuta hajamsamehe, akikunja nguo, akipita pale kwa fundi viatu. Sikujua la kusema. Nilikuwa nimekaa miaka naamini mama alisamehe siku moja kwenye mkeka na mimi ndiye nimebaki na kinyongo, na kumbe na yeye yuko njiani.

Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, ni fundi umeme, anampigia mama kila Jumapili baada ya ibada anamuita mama mkubwa. Mimi nilianza kumpokelea simu mwaka jana tu. Sijui nitaandika lini habari zake, lakini sio leo.

Tukaendelea na muvi. Matt anakataa kusaini ardhi iuzwe. Anamuaga mke wake, anambusu midomo iliyokauka na anamwita rafiki yake, furaha yake na maumivu yake, vyote kwa pumzi moja. Halafu wanakwenda baharini yeye na wasichana wake kumwaga majivu na mama akashtuka, wamemchoma? Nikamwambia ndio. Halafu akaona chombo, akasogea mbele kwenye kochi kabisa, akasema hiyo si ngalawa? Ni ngalawa kweli, mtu wa Tanga humdanganyi, ila yao ina mguu upande mmoja na zetu huwa na pande zote mbili. Wanavua yale mashada ya maua shingoni wanayaacha juu ya maji, kamera iko chini inayatazama yakielea.

Kipande cha mwisho hakuna mtu anayeongea. Sebuleni, usiku, Scottie yuko kwenye kochi kajifunika anaangalia filamu ya pengwini kwenye tivii. Matt anakuja na aiskrimu anakaa, halafu Alex anakuja upande wa pili, wanavutiana shuka lile lile miguuni wote watatu, wanapokezana mabakuli, wanaangalia tivii. Majina yanaanza kupita na wao wapo tu wanakula.

Nikashika rimoti nizime. Mama akasema subiri. Akauliza, "Hilo shuka walilojifunika si ndilo alilofunikwa yule mama kule hospitali?"

Mara tatu nimeiangalia hii muvi na sijawahi kuliona. Nikarudisha nyuma mpaka hospitali, kitandani, miguuni kwa Elizabeth, halafu nikaenda mbele tena mpaka kwenye kochi. Ndilo. Lile lile la njano.