Montreux, Ulikozaliwa Wimbo wa Moshi

Watu wa Unguja tukifika Montreux, Uswisi, kwanza tunaelekea kwenye sanamu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa kwetu aliyezaliwa 1946. Nami nilianzia hapo. Ni ya shaba, mkono mmoja juu, uso umeelekea ziwani. Lakini kilichonipandisha treni Geneva asubuhi ile kilikuwa kingine: “Smoke on the Water” (moshi juu ya maji), wimbo wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Hizo ndizo nota zangu za kwanza kwenye gita; mjomba alinishikisha nyuzi jioni baada ya jioni, mpaka vidole vikachubuka.

Kasino iko ukingoni mwa ziwa. Jengo la sasa lilifunguliwa 1975. La awali liliteketea tarehe 4 Desemba 1971. Deep Purple walikuja kurekodi albamu humo humo, wakawa wanangoja onyesho la Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, liishe ndipo waingize vyombo vyao. Katikati ya muziki mtu akafyatua fataki ya ishara, ikapiga dari, dari ikashika moto. Claude Nobs, mmoja wa waanzilishi wa tamasha la jazi la mji huo, akawa anawatoa vijana nje. Hakufa hata mtu mmoja.

Niliegemea reli za ufukweni nikayatazama maji. Milima imesimama karibu sana, na upepo wake ndio ulioushusha moshi ukatanda juu ya ziwa, wanabendi wakiutazama wakiwa hotelini. Siku chache baadaye Roger Glover, mpiga besi, aliamka usingizini na maneno hayo mdomoni: moshi juu ya maji.

Nayapenda maneno ya wimbo huu kwa sababu hayakutiwa chumvi. Zappa ametajwa, Claude ametajwa, hata gari la kurekodia la bendi ya Rolling Stones, walilolitumia wao, limo.

Muziki wenyewe wa wimbo huo Deep Purple waliurekodi usiku kwenye ukumbi mdogo mjini. Kelele zikawaamsha majirani, polisi wakaja kugonga, vijana wa mitambo wakaishikilia milango kwa ndani mpaka bendi ikamaliza. Ukumbi wakaupoteza, lakini wimbo ulikuwa umeshanaswa.

Nikaufuata ufuko hadi Territet, kitongoji cha Montreux, penye jengo lililokuwa Grand Hôtel. Majira yale ya baridi lilikuwa limefungwa, tupu. Hapo ndipo bendi ilipohamia kumalizia albamu. Wakapiga vyombo koridoni, magodoro yakizuia sauti. Kwenda garini kusikiliza walichorekodi kulimaanisha kukatiza vyumba, bafu na roshani, kwa hiyo wakaacha kwenda; wakawa wanapiga mpaka waridhike wenyewe. Nadhani ndiyo maana albamu ile inasikika hai hivyo.

Albamu ilitoka 1972. Wimbo ulipotolewa peke yake Marekani mwaka uliofuata, ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya nyimbo ya huko.

Kutoka kasino hadi pale niliusikiliza mara tano kwenye hedfoni. Mara ya tano nilikuwa nimesimama mbele ya jengo, mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, vidole vikibonyeza nyuzi zilezile za mjomba.