Nilivyopunguza gharama ya bima ya afya nikisoma Ujerumani

Wanaoniuliza habari za Ujerumani hapa Nakuru huanza na ile akaunti ya kufungiwa pesa inayotakiwa kwa viza: yuro 11,904 za mwaka mzima, unazotolewa 992 kila mwezi. Hiyo kila mtu anaijua. Chama, mkopo wa sacco na hata ng'ombe wa babu huelekezwa huko. Bima ya afya haitajwi mpaka mtu afike, ndipo agundue kwamba katika hizo 992, karibu 140 zina mwenyewe kila mwezi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya elfu ishirini.

Mimi nilibahatika kuwa na shangazi. Nilikuwa najiandaa kwenda Göttingen kusomea kilimo, muhula wa Oktoba 2024, na wakala mmoja wa mjini aliyekuwa akishughulikia karatasi za wanafunzi akaniletea bima ya kampuni binafsi ya yuro thelathini na kitu kwa mwezi. Tofauti ya yuro mia moja kila mwezi si mchezo. Shangazi, karani mstaafu wa sacco, aliichukua ile fomu akaanza kuisoma kutoka ukurasa wa mwisho. "Mwanangu, huku mbele wameandika watakachokupa," akaniambia. "Wacha nione watakachokunyima." Akakipata: ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima haulipiwi. Nami nina pumu tangu utotoni. Inhela zote zingetoka mfukoni mwangu, na nikilazwa siku chache tu akiba yote imekwisha.

Kulikuwa na jingine ambalo wakala alilipitia haraka. Kwa sheria ya Ujerumani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye chini ya miaka 30 huwekwa katika bima ya umma, ile inayoendeshwa na mifuko kama AOK, Barmer au Techniker. Akitaka ya binafsi, sharti aombe kuondolewa, na ana miezi mitatu ya kuomba. Akishaondolewa, harudi tena mpaka amalize masomo yake. Hata akiugua, hata kampuni ikipandisha bei. Nilikataa kutia saini.

Simlaumu wakala kwa kila kitu. Anayeenda kusoma lugha tu, au kuingia Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi kabla ya chuo, hapokelewi kwa bei ya mwanafunzi katika mifuko ya umma, na kwake bima ya binafsi ya muda ndiyo njia. La muhimu ni kuhama mara tu atakaposajiliwa chuoni. SHA yetu, bima ya afya ya serikali ya Kenya, nayo haimsaidii mtu huko, maana Kenya na Ujerumani hazina mkataba wa kutambuliana bima.

Basi nikaanza kupunguza ndani ya hiyo hiyo ya umma. Nilisafiri katikati ya Septemba, na bima ya umma ilianza Oktoba 1, kwa hiyo nilinunua bima ya safari ya majuma hayo tu. Wakala alitaka nilipie mwaka.

Kisha mifuko yenyewe. Watu hudhani bei ni moja kwa sababu ni ya serikali. Sehemu ya msingi kweli ni moja: mwaka 2025 ilikuwa yuro 87.38 kwa mwezi kwa mwanafunzi, uende mfuko wowote. Juu yake kila mfuko huweka nyongeza yake, nayo hukokotolewa kwa asilimia ya yuro 855, kiasi kilichowekwa kisheria kwa kila mwanafunzi. Kwa hiyo kila asilimia moja ya tofauti ni yuro 8.55 kwa mwezi, zaidi ya mia moja kwa mwaka, na matibabu ni karibu yale yale kwa kuwa sehemu kubwa imepangwa na sheria. Wenzangu wengi walijiunga na mfuko uliokuwa na meza karibu na mlango siku ya kujiandikisha. Mimi nililinganisha nikiwa bado nyumbani, kwa bando la usiku.

Lililonishangaza ni cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Pamoja na bima ya afya unalipia bima ya uuguzi wa wazee na wasiojiweza, na aliyetimiza miaka 23 bila mtoto hutozwa 4.2% ya zile yuro 855 badala ya 3.6%. Hakuna aliyeniuliza kama nina mtoto, mimi ndiye niliyepaswa kuthibitisha. Mwanangu anaishi hapa na baba yake, lakini mzazi ni mzazi. Nilipeleka cheti na tafsiri yake, nikapunguziwa yuro 5.13 kwa mwezi. Ni pesa kidogo, lakini ni mkate wa juma.

Dawa za daktari hutozwa 10% ya bei, isipungue yuro 5 wala isizidi 10 kwa kila dawa. Kuna kikomo: ukifikisha 2% ya kipato chako cha mwaka, husamehewa kinachozidi, na kwa mwenye maradhi sugu yaliyothibitishwa na daktari ni 1%. Kwa mwanafunzi kikomo hicho hufikiwa upesi. Ila hakijileti, ni risiti na fomu. Nilitunza risiti zote kwenye bahasha, na daktari akanijazia karatasi ya pumu.

Dada mmoja wa Kakamega tuliyesoma naye alimleta mumewe na watoto, na kwa kuwa mume hakuwa na kipato, wote waliingia kwenye bima yake bila kuongezewa senti. Kwa kampuni binafsi angelipia kila kichwa.

Likizo hii nimekuja nyumbani, na huku bima ya Ujerumani hainifuati. Sikununua nyingine. Mume wangu ameajiriwa, hukatwa 2.75% ya mshahara kwa SHA, nami nimeandikishwa kama mke wake. Nilihakikisha jina langu lipo kabla ya kupanda ndege.

Sasa ninaitazama Aprili 2026, nitakapotimiza 30. Bei ya mwanafunzi hudumu mpaka mwisho wa muhula ambao umri huo umekukuta. Muhula wa baridi huisha Machi 31, kwa hiyo mama kunizaa Aprili kumenipa mpaka Septemba 30. Baada ya hapo ni zaidi ya yuro 200 kwa mwezi, na nimeshamwambia msimamizi wangu kwamba tasnifu itakuwa mezani kwake Agosti.