Ameuawa au Yu Hai? Tafakari ya Juma juu ya Zaburi ya 73

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wapendwa.

Masomo ya juma hili ni Zaburi ya 73 yote, Luka 19:1-10 na Ezekieli 33:11. Mwenye nafasi ya kusoma moja tu kabla ya kikao asome Zaburi, na asome mistari yote 28. Sababu itaonekana mbele.

Vijana wetu, kuanzia Mikindani hadi Bamburi, wanapeana tamthilia za zamani kwenye flashi, na moja imezua ubishi mpaka kwenye kivuko cha Likoni: The Sopranos, ya kituo cha HBO cha Marekani, iliyoanza Januari 1999 na kumalizika tarehe 10 Juni 2007 baada ya vipindi 86. Tony Soprano ni bosi wa genge la mafia huko New Jersey. Ana mke, ana watoto wawili, na nyumba yao ni ya Kikatoliki yenye misalaba na mapadre wanaokaribishwa chakula. Wanachobishania ni sekunde za mwisho za kipindi cha mwisho.

Kwa asiyeiona: Tony anaingia kwenye mkahawa uitwao Holsten's, anaketi, anachagua wimbo kwenye kisanduku cha muziki kilicho mezani. Mkewe Carmela anafika. Mwanawe A.J. anafika, na mbele yake kidogo ameingia mwanamume mwenye jaketi ambaye anakaa kaunta, anatupa jicho upande wao, kisha anaelekea chooni. Binti yao Meadow yuko nje, gari linamshinda kuegesha. Vitunguu vya kukaanga vimeshaletwa. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua uso, na skrini inakuwa nyeusi huku wimbo umekatwa katikati. Kwa sekunde kama kumi hakuna picha wala sauti, halafu majina ya watengenezaji yanapita kimya kimya. Usiku ule Wamarekani wengi walidhani kebo imekatika. Mombasa tungedhani tokeni zimeisha.

"Kauawa yule!" "Kauawa wapi, wewe umeona risasi?" Hapo ndipo ubishi ulipo, na wanaosema ameuawa wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Tangu mwanzo wa tukio lile kamera inarudia utaratibu mmoja: kengele inalia, tunauona uso wa Tony, kisha tunakiona anachokiona Tony. Mara ya mwisho kengele inalia, tunauona uso, na anachokiona ni giza. Tena, vipindi kadhaa nyuma, wakiwa ndani ya mashua ziwani, shemeji yake Bobby alikuwa amemwambia kwamba zamu ya mtu ikifika huenda hata hasikii kitu. Upande wa pili unajibu kwamba mwenye jaketi huenda alikwenda haja tu, na kwamba adhabu ya Tony ni kuendelea kuishi hivyo hivyo, akiinua uso kila mlango unapofunguliwa. David Chase, aliyeibuni tamthilia na kukiandika na kukiongoza kipindi hicho, alikaa miaka mingi bila kutoa jibu la wazi.

Ukiwasikiliza kwa makini, utaona kamera inasahaulika upesi. Mmoja anamtaka Tony afe kwa sababu ameua watu wengi na haiwezekani amalize vitunguu vyake kwa raha. Mwingine anamtaka aishi kwa sababu kwa vipindi 86 amempenda: anachekesha, anajua kula, anatetea watoto wake. Wote wawili wamo ndani ya Zaburi ya 73, na mtunzi wake, Asafu, alikuwa wote wawili kwa pamoja.

Hesabuni mistari. Katika mstari wa 2 na wa 3 Asafu anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza kwa kuwaonea wivu waovu. Mistari tisa nzima, wa 4 hadi wa 12, anaeleza walivyonawiri: miili yenye nguvu, macho yaliyotokeza kwa unono, kiburi shingoni kama mkufu. Ni maelezo ya mtu aliyewatazama kwa muda mrefu na kwa hamu. Kisha mstari wa 17: "Hata nilipoingia katika patakatifu pa Mungu, nikautafakari mwisho wao." Huo mwisho wenyewe amepewa mistari mitatu tu, 18 hadi 20: penye utelezi, maangamizi ya ghafula, ndoto inayopotea mtu akiamka. Halafu mstari wa 21 hauendelei nao tena. Unamgeukia Asafu mwenyewe, moyo wake ulivyoona uchungu, na katika wa 22 anasema alikuwa kama mnyama mbele za Mungu. Aliyeingia kutazama hukumu ya wengine ametoka akijitaja yeye.

Kosa linalorudiwa sana kwenye vikao ni msomaji kuishia mstari wa 20. Waovu wameanguka, watu wanaitikia amina kwa nguvu, mada inageuka kuwa majirani. Ndiyo maana tumeomba isomwe yote. Ezekieli 33:11 imewekwa pembeni kwa kazi hiyo hiyo: Mungu anaapa kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu, anataka aiache njia yake akaishi. Anayefurahia skrini kuwa nyeusi ana la kuzungumza na Mungu kabla hajazungumza na Tony.

Sasa turudi mezani, kwa sababu pale kuna mtu ambaye habishaniwi. Carmela hajaua mtu. Anakwenda kanisani, anasali, analea. Na katika msimu wa tatu, mwaka 2001, alimwendea daktari wa nafsi mzee, Dk. Krakower, akitaka kusaidiwa kuishi na mume wake. Mzee akamwambia aondoke, achukue watoto na asichukue kingine. Alipotaka kumlipa, akakataa: fedha hiyo ina damu. Akamwambia pia kwamba kuanzia siku hiyo hawezi kamwe kusema hakuambiwa. Carmela alikubali kwamba ni kweli. Kipindi hicho hicho kinamalizika akimbana mumewe atoe mchango wa dola 50,000 kwa chuo kikuu anakosoma binti yao, na Tony anakubali. Miaka sita baadaye ameketi Holsten's, anakula.

Hapo ndipo mwisho wa tamthilia ile ulipo, kwa maoni yetu, na yeyote aliyetazama kwa makini alishauona kabla ya kengele kulia. Tony naye alikuwa na mlango wake: alizungumza na daktari wake wa nafsi, Dk. Melfi, tangu kipindi cha kwanza, akajifunza maneno ya kueleza huzuni yake na mama yake, na katika kipindi cha pili kutoka mwisho daktari alimfungia mlango baada ya kusoma utafiti uliosema kwamba mazungumzo ya namna ile huwanoa wahalifu badala ya kuwaponya. Maungamo yalikuwepo kwa wingi. Kilichokosekana kinajulikana na kila aliyepita katekesi: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi. Tony alifanya la kwanza na la nne. Carmela alifika la pili, akaruka la tatu, akatengeneza la tano la kwake mwenyewe, hizo dola 50,000.

Mwekeni Zakayo kando yake. Katika Luka 19:8 anatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Aliyenyang'anywa shilingi 10,000 anapokea 40,000. Hekalu halimo kwenye orodha. Mafundisho ya Kanisa juu ya malipizi yanafuata njia hiyo: kilichoibwa kinarudi kwa mwenyewe, mwenyewe akiwa amefariki kinakwenda kwa warithi wake, asipopatikana hata mmoja baada ya kutafutwa kwa dhati ndipo maskini wanapopewa. Mchango wa kanisa haufuti hatua ya kwanza. Pwani yetu mafia hatuna, lakini tuna kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili, tuna mzigo uliotoka bandarini bila karatasi, tuna pesa ya unga, yaani dawa za kulevya, iliyojenga ghorofa huku mateja walionaswa nazo wakilala chini yake. Mama anayekula kutokana na kiwanja kile yuko mezani pamoja na Carmela, hata kama rozari yake haikauki mkononi. Na mweka hazina wa jumuiya anayepokea kitita bila kuuliza naye amevuta kiti.

Tahadhari moja hapa, kwa kuwa neno la Dk. Krakower ni kweli lakini halitumiki kama nyundo. Mke wa muuza unga anayeambiwa "ondoka leo" mbele ya watu kumi na wawili anaweza kupigwa usiku huo huo habari zikimfikia mume, na katika mitaa yetu zinafika kabla ya chai kupoa. Kwanza apate mahali pa kulala yeye na watoto, na mtu mmoja anayeaminika anayejua mpango. Mengine yafuate.

Kikao cha juma hili kifuate Hatua Saba za Injili kama kawaida, kwa muda wa saa moja na robo. Tamthilia yenyewe isionyeshwe: ina mauaji, matusi na uchi, na jumuiya ina watoto. Mwenye kuijua asimulie tukio la Holsten's kwa dakika tano kabla ya hatua ya kwanza, kisha flashi irudi mfukoni. Akizidisha dakika kumi kikao kimekwisha, mtabaki kwenye jaketi.

Hatua ya kwanza na ya pili hazina shida: sala fupi ya kumkaribisha Bwana, kisha Zaburi isomwe polepole. Wasomaji wawili wapokezane, mmoja asome mpaka mstari wa 16, mwingine aanzie wa 17, ili sauti ikibadilika watu wasikie kwamba kuna kitu kimegeuka. Hatua ya tatu kila mtu anachagua maneno machache na kuyarudia mara tatu kwa sauti, bila maelezo. Makosa huanzia hapa: mtu anasoma mstari, kisha anaongeza "maana yake ni kwamba". Kiongozi amkatishe kwa upole palepale, kwani ukimwachia mmoja watano wanamfuata.

Hatua ya nne ni kimya cha dakika tatu, na kiongozi apime kwa saa. Sekunde kumi za giza ziliwafanya watazamaji wainuke kukagua waya. Sisi katika dakika ya kwanza tunakohoa, dakika ya pili mtu anaanzisha wimbo. Wimbo huo ukianza mapema, hatua ya tano itajaa mahubiri, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kufika mstari wa 22 ndani yake mwenyewe.

Hatua ya tano ni kushirikishana lililomgusa mtu. Swali la kusaidia liwe moja: nilikuwa namtakia nani mwisho gani? Asitajwe jirani kwa jina wala kwa nyumba. Mtu akianza kufichua jambo zito, mathalani fedha ambayo anajua ilikotoka, kiongozi asimchimbe. Amshukuru, aendeleze kikao, kisha amwendee baadaye amwelekeze kwa padre, ambako siri ya kitubio inamlinda. Jumuiya haina muhuri huo, na tusijidanganye kwamba tunao.

Hatua ya sita, ya kupanga kazi ya kufanya, ndiyo inayokufa mara nyingi. Watu wanakubaliana "tuwaombee mateja" na daftari linafungwa. Kazi iandikwe ikiwa na vitu vitatu: nani, nini, lini. Mfano unaofaa: watu wawili kumsindikiza kijana wa jirani kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia teja kuacha unga, huko Kisauni, kwa kuwa dozi ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na wengi huacha siku za mwanzo wakikosa nauli au mtu wa kuwaamsha. Nauli ya siku saba ihesabiwe palepale na itoke kwenye mfuko wa jumuiya. Mfano wa pili ni mgumu zaidi: mwenyekiti, katibu na mweka hazina waandike kanuni ya michango mikubwa, kwamba kitita kinachozidi kiwango watakachopanga kinaulizwa chanzo chake kabla ya kupokelewa, na mtoaji anaulizwa faraghani, asiaibishwe. Tarajieni upinzani, hasa paa la kanisa likiwa linavuja.

Hatua ya saba, kila mmoja asali kwa kifupi, kisha mistari ya 23 hadi 28 isomwe na wote kwa pamoja. Juma lijalo katibu asome yaliyoandikwa daftarini kabla ya sala ya kufungua, na waliotajwa majina waeleze walipofikia.