TSH ikipanda, usipunguze vidonge

Nafanya kazi maabara, na katika karatasi zote za majibu zinazopita mikononi mwangu, hakuna inayosomwa kinyume kama ya TSH, homoni inayopimwa kwenye damu kujua kama tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inafanya kazi sawasawa. Mtu akiona sukari imepanda anajua sukari imezidi. Presha, vivyo hivyo. Akifika kwenye TSH anakwenda na hesabu ileile, na hapo ndipo anapojiumiza.

Shangazi yangu wa Njombe alitolewa tezi ya thairoidi yote kwa sababu ya rovu lililokuwa likimbana koo, na tangu hapo anameza thairoksini, vidonge vya homoni ya tezi hiyo. Juzi alinisomea majibu kwenye simu: TSH 38, na kiwango kilichoandikwa pembeni ni 0.4 hadi 4.0. "Mwanangu, si unaona dawa imenizidi? Nameza leo, kesho napumzika."

Hapana, shangazi. TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru thairoidi itengeneze homoni: T4, ndiyo hiyo thairoksini, yenye atomi nne za madini joto, na T3, yenye tatu. Homoni hizo zikipungua kwenye damu, pituitari huongeza amri, zikizidi, hunyamaza. Basi hiyo 38 ni pituitari inadai homoni isiyofika. Na kwa mtu asiye na tezi, homoni hiyo itatoka wapi kama si kwenye kidonge?

Nikamuuliza hali ya mwili. Usingizi mchana kutwa, choo kigumu, ngozi imekauka, na baridi isiyoisha hata akiwa jikoni motoni. Hiyo baridi hakuna aliyeishangaa. Njombe kila mtu ana sweta.

Kisha nikauliza anamezaje. Asubuhi, akasema, pamoja na uji wa maziwa, na papo hapo vidonge vya kalsiamu. Hivyo alipewa baada ya upasuaji, kwa sababu nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo za parathairoidi zinazolinda kalsiamu ya damu, na zinaweza kuumia wakati wa kukata. Ni dawa ya lazima kwake. Lakini kalsiamu huishika thairoksini tumboni isiingie kwenye damu, kwa hiyo inatakiwa zipishane saa nne hivi.

Daktari wake hakubadili dozi. Alimwambia ameze thairoksini kila siku alfajiri kwa maji matupu, akae karibu saa nzima ndipo anywe uji, na kalsiamu aihamishie baada ya chakula cha mchana. Kipimo kitarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. T4 huchukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, na pituitari nayo haitulii haraka. Kupima wiki ijayo ni kupoteza hela.

Natamani kila karatasi ya TSH iwe na mstari mmoja chini: ikipanda, homoni ya tezi huenda ni pungufu, usiguse dozi bila daktari.

Na wewe dada unayetumia thairoksini, ukigundua una mimba usisubiri miezi mitatu ndipo uanze kliniki. Nenda wiki hiyohiyo. Mtoto mwanzoni anategemea homoni yako, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.