Mzee na kikohozi

Leo mzee wangu kanishangaza.

Binti yangu kajirekodi sekunde 40 akimwigiza mwanasiasa anayeahidi kila kitu. Koti la babu, sauti nzito, mswaki ndiyo maikrofoni.

Nikajua babu atakunja uso. Huyu ni mtu wa hotuba za redioni, zile za saa nzima.

Akatazama kimya. Kisha kidole chake kikaanza kupapasa kioo cha simu.

"Irudishe pale anapokohoa."

Tukairudia mara sita. Kikohozi tu!

Nikamwonyesha na video ya kwanza ya YouTube, Aprili 2005, sekunde 19, jamaa kasimama mbele ya tembo.

"Hii haina kitu. Mjukuu wangu kamzidi."

Koti bado hajarudishiwa, wala haulizi.

Kwenu nani kanaswa hivi?