Siku Tuliyohesabu Miche Iliyokufa

Mama Mwenyekiti alibeba kopo tupu la maziwa ya unga, na mtama kaufunga kwenye pindo la khanga. Kila tulipokuta mche ulio hai, alidondosha punje moja ndani ya kopo. Ilikuwa Septemba 2016, kiangazi kimekaza, upepo unapuliza vumbi jekundu mpaka mtu analitafuna. Tulikuwa viongozi watatu wa umoja wetu wa kuhifadhi mazingira: yeye, mzee mmoja wa Haubi kule Kondoa ambaye ndiye mweka hazina, na mimi katibu mwenye daftari. Kilima tulichokuwa tukikikagua kiko upande wa Kongwa, mkoani Dodoma. Tulikuwa tumepanda miche 600 pale, mijohoro na miarobaini.

Kesho yake wageni waliotoa fedha walikuwa wanakuja kuona.

Miche ile ililetwa mwishoni mwa Machi. Kila mkulima wa Dodoma anajua maana yake. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na mwaka mzima hatupati zaidi ya milimita 600 hivi. Ukipanda mwishoni mwa Machi, mche unaingia kiangazi cha miezi saba haujashika ardhi. Tulilisema hilo. Walioleta walikuwa wameshapanga tarehe ya sherehe, na sisi tukapanda.

Saa nzima ilipita sijasikia mlio wa punje ndani ya kopo zaidi ya mara kumi. Mzee alikuwa akiinama kwenye kila shimo, si kwenye yale yenye miche hai tu. Mahali fulani aling'oa kijiti kilichokauka, kikatoka na kiriba chake, kile kifuko cha kuoteshea mche. Plastiki nyeusi haikuwa imechanwa. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani, duara juu ya duara, kama kamba iliyokunjwa. Mzee alikung'uta udongo, akanipa nikishike. Kilikuwa chepesi kama unyoya. Hata leo nikiona kiriba kimetupwa njiani, mkono wangu unaukumbuka ule wepesi.

Tulimaliza saa tisa alasiri. Mama Mwenyekiti alimwaga mtama kwenye kiganja, akahesabu mara mbili. Punje 41.

Niliandika kwenye daftari: "Miche iliyo hai ni takriban nusu." Niliogopa. Umoja ule ulikuwa na vikundi vya akina mama waliokuwa wakingoja mizinga ya nyuki, na fedha za mizinga zilikuwa kwa wageni walewale. Mama alichukua daftari, akasoma, akanirudishia.

"Futa, mwanangu. Andika 41."

"Mama, watatunyima mizinga."

"Watunyime. Hawa wanawake wamepanda mlima huu na ndoo za maji kichwani. Wanaijua hesabu kabla yetu. Kesho nikisimama mbele yao niseme nusu, keshokutwa nitawaita kazini kwa mdomo upi?"

Nikafuta. Yule mama hakuwa na cheo serikalini wala gari, lakini akiita mkutano, watu walikuja hata wakati wa kupalilia uwele, na siku ile nilielewa kwa nini.

Mzee alikuwa amekaa kando, juu ya kisiki. Akasema taratibu, "Kwetu Kondoa miti iliyosimama hatukuipanda."

Akatusimulia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Milima ya Irangi ilikuwa imechanika makorongo yanayoweza kumeza nyumba. Watu wa mradi wakachimba matuta, wakapanda miti, ardhi ikaendelea kuondoka. Mwaka 1979 Serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Yeye alikuwa kijana, akawaswaga ng'ombe wa baba yake akilia njia nzima. Uchungu ule hakuuficha hata mbele yetu. Familia zilipoteza maziwa, samadi na heshima kwa siku moja. "Lakini miaka michache baadaye," akasema, "miti ikasimama yenyewe. Hakuna aliyeileta kwa lori. Ilikuwa chini, inasubiri meno ya mbuzi yaondoke."

Akainuka, akatuonyesha kisiki alichokuwa amekalia. Kilikuwa cha mlama, kimekatwa kwa mkaa zamani, na pembeni yake yalikuwa yametoka machipukizi kama ishirini, mafupi, yametafunwa ncha. Tulikuwa tumevipita visiki kama hivyo asubuhi nzima tukitafuta mijohoro. Mzee akachomoa panga, akapogoa machipukizi dhaifu moja moja, akabakiza matatu yaliyonyooka. Mama Mwenyekiti akachana ukingo wa khanga yake, akafunga kitambaa kwenye lile refu kuliko yote, ili mchungaji akipita ajue lina mwenyewe.

Miaka ya karibuni kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya kisiki namna hii, kimekuwa neno la kila mtu Dodoma. Siku ile hatukuwa na jina la kukiita.

Mama akarudisha mtama kwenye pindo, akaliweka kopo tupu chini ya mkono.

"Katibu, fungua ukurasa mpya. Tunaanzia hapa."

Tulishuka kilima tukihesabu visiki, punje moja kila kisiki chenye chipukizi. Jua lilipozama tulikuwa hatujafika hata nusu ya mteremko, na mtama ulikuwa umemwishia. Akaanza kuokota vijiwe.